Mzee Jayanti Aomba Kuwa Mtu wa Mchafukoge

Siku ya kuniaga, wenzangu wa kata walinipa mabati ishirini na wakanitaka niseme neno. Nikasema ahsanteni, nikaketi, maana mwanamke wa Kizaramo akipewa kipaza sauti huwa hakirudi. Kesho yake Neema, binti aliyerithi meza yangu, akanifuata nyumbani Magomeni na daftari jipya mkononi.

"Mama, yale uliyoyanyamazia jana, yaandike," akasema. "Kompyuta tumefundishwa. Watu hatukufundishwa."

Basi naandika. Vyeo mtanisamehe, kwa kuwa nilianza mtendaji wa mtaa na nimestaafu mtendaji wa mtaa. Mshahara nao ni kama ndoto mbaya, hausimuliwi asubuhi.

Nilifika Mchafukoge mara ya kwanza nikiwa na viatu vipya vilivyonibana na barua ya kupangiwa kazi iliyokuwa imeshalowa jasho. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi za ghorofa la zamani, hatua chache kutoka pale zinapoanza kelele za Kariakoo. Palikuwa na meza, benchi la wananchi, na kabati ambalo mlango wake ulishikiliwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilipoikunjua kwa udadisi, nikakuta ni waraka unaoagiza ofisi zote zitunze nyaraka vizuri. Nikaukunja tena, nikaurudisha kazini.

Aliyenipokea ni Mzee Maganga, mtendaji niliyekuja kujifunza kwake, Mnyamwezi wa Tabora. Aliuliza jina, nikasema Mwajuma Kondo. Akauliza kabila, nikasema Mzaramo. Akaweka kalamu chini, akashika kichwa. "Nimeomba msaidizi," akasema, "wameniletea mtu wa kulala." Kwa wasiojua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Kila mmoja ana ruhusa ya kumtusi mwenzake, na mwenzake hana ruhusa ya kununa. Nikamjibu kwamba nimekuja kumpokea mizigo, maana nimesikia kwao wanaibeba tangu kuzaliwa. Akacheka, akanisogezea kiti. Hapo ndipo nilipoajiriwa. Ile barua iliyolowa hakuisoma kamwe.

Kazi yenyewe ilikuwa barua za utambulisho. Mtu akitaka kufungua akaunti benki, kumwekea ndugu dhamana, kumwandikisha mtoto shule, lazima aje na barua ya mtaa. Barua ya kwanza niliyoigonga muhuri niliigonga kichwa chini miguu juu. Yule mama aliyeichukua alirudi baada ya saa mbili, amekataliwa benki. Mzee Maganga akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. "Barua ya Kizaramo," akamwambia yule mama. "Imelala chali." Tukaandika nyingine.

Jioni ile alinishikisha ule muhuri, wa mbao, mpini umekuwa mweusi kwa viganja vya watu. "Huu unasema mtu anakaa hapa," akasema. "Hausemi mtu ni nani. Watakuja wengi wakidhani unasema yote mawili. Iko siku na wewe utadhani hivyo, siku hiyo utaharibu."

Alikuwa na namna yake ya kumthibitisha mkazi ambayo hamtaikuta kwenye mwongozo wowote. Hakumwuliza rafiki wa mtu. Rafiki, alisema, anajua sifa tu. Alikwenda kumtafuta aliyewahi kugombana naye, kwa kuwa kugombana na mtu vizuri kunahitaji miaka. Ukikuta mtu hana hata mmoja wa kumlalamikia mtaani, huyo alihamia juzi.

Nitaje na bahasha, maana nyie hamzijui. Gundi yake ililowanishwa kwa ulimi. Ramadhani ilipoingia, Mzee Maganga, Mkatoliki yule, akawa ananilambia bahasha zangu zote. Kwaresima ikafika akanisogezea za kwake, kwamba sasa ni zamu yangu. Nikamwambia Kwaresima haikatazi gundi. Akasema hajadili dini na mdaiwa.

Alipostaafu akarudi Tabora, muhuri ukabaki kwangu. Nikarithi pia kesi zake, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mzee Jayanti na Mangi.

Mzee Jayanti alikuwa Mhindi, Baniani, mjane, mwenye duka la vipuri vya cherehani chini ya ghorofa lile lile alimoishi. Mafundi wote waliokaa barazani Kariakoo, sindano zao zilipita mikononi mwake. Alikuwa mwembamba, anavaa shati jeupe la mikono mifupi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Dar es Salaam ya zamani, kile ambacho mtu akikosea anasahihishwa kabla hajapewa alichokuja kununua. Watoto wake wawili walikuwa Leicester, Uingereza. Yeye hakuwahi kutoka nje ya nchi, labda uhesabu Zanzibar, na hilo tumekatazwa kulihesabu.

Mangi ndilo jina tulilompa Bwana Lyimo, Mchaga wa Kilimanjaro, aliyeuza vyombo vya plastiki kwa jumla duka la pili. Ugomvi wao ulikuwa baraza. Katoni za Mangi zilikuwa na miguu. Asubuhi zilipangwa kwake, saa nne zilikuwa mpakani, saa saba Mzee Jayanti haonekani dukani kwake isipokuwa kipara. Alikuja ofisini na barua za malalamiko zenye aya na vifungu. Mangi naye alikuja na barua ya kujibu, kwamba kelele za cherehani za majaribio zinamharibia taarifa ya habari. Faili lao lilinenepa hadi nikalitumia kuegemezea dirisha.

Desemba moja, siku mbili baada ya kuwapatanisha kwa mara ya sita bila mafanikio, nilimkuta Mangi amesimama kwenye duka la Mzee Jayanti. Nikadhani wamekamatana mashati. Kumbe anakabidhi funguo. Desemba, kama mnavyojua, Wachaga wanakwenda kwao kuhesabiwa, na nusu ya Kariakoo inafungwa. Nikamwuliza Mangi pembeni inakuwaje anamwachia funguo za duka mtu anayemshitaki.

"Nimwachie nani, mama mtendaji?" akasema. "Ndugu zangu wote tunaondoka nao."

Nililiona ni jambo la kuchekesha tu wakati ule, nikaenda zangu.

Kisha ukaja uandikishaji wa vitambulisho vya taifa. Ofisi yetu ilikuwa finyu, kwa hiyo meza zikapangwa uani, na mashine za kuchukua alama za vidole, na vijana wenye fulana, na afisa mmoja wa kuhakiki uraia. Afisa yule alikuwa mstaarabu, ila alikuwa na swali moja alilompa kila mtu: "Kwenu wapi?" Sasa hilo ni swali gumu Dar es Salaam. Mtu amezaliwa Ilala, baba yake amezaliwa Ilala, ukimwuliza kwenu wapi anakutajia kijiji cha Singida alichokiona mara moja kwenye msiba. Mji mzima tunaishi kama tuko safarini. Foleni ilikwenda vizuri. Songea, Bukoba, Mtwara, Moshi, Kondoa. Ikafika zamu ya Mzee Jayanti.

"Kwenu wapi, mzee?"

"Ghorofa ya pili," akasema, akanyoosha kidole juu ya kichwa cha afisa. "Lile dirisha lenye shuka la bluu."

Watu walicheka. Afisa hakucheka. Akauliza baba alizaliwa wapi: Porbandar, India. Mama: India. Cheti cha kuzaliwa: hana, mkunga alikuja nyumbani. Karatasi ya kujiandikisha uraia miaka ile ya mwanzo wa uhuru: hana. Baba aliugua mwaka ule, akafa, na hakuna aliyekumbuka karatasi. Pasi ya kusafiria: hakuwahi kuwa nayo. Alishawahi kupiga kura, lakini hilo nilimkonyeza asiliseme.

Afisa akanigeukia. "Mtendaji, wewe unamthibitisha huyu kama nani?"

Nami nilikuwa nimechoka. Jua la uani, watu mia, na fomu ina nafasi ya sahihi yangu na onyo kwa herufi nzito chini yake kuhusu kutoa taarifa za uongo. Nilizitazama zile herufi nzito. Nikasema, "Namthibitisha ni mkazi."

Mzee Jayanti aligeuka polepole. "Mkazi, Mwajuma?" akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Hata panya wa ghorofa hili ni wakazi."

Akaweka kofia yake kichwani, akapanda ngazi. Fomu yake ikawekwa kwenye lundo la wageni.

Kuanzia siku ile salamu yetu ikabadilika. Nilimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo mzee," kama miaka yote. Zamani aliitikia marahaba, akaongeza na habari ya magoti yangu. Sasa akawa anajibu, "Marahaba, mama mtendaji. Mgeni wenu hajambo." Anarudia kusafisha sindano.

Baada ya miezi kadhaa barua ya Idara ya Uhamiaji ikamfikia. Ilimtaka afike na kibali cha ukaazi, au aeleze kwa maandishi anaishi nchini kwa idhini ya nani. Aliijibu siku hiyo hiyo, kwa mwandiko mzuri, mstari mmoja: "Kwa idhini ya mama yangu." Akaipeleka mwenyewe kwa miguu. Mambo yakazidi kuwa magumu.

Watoto wake wakapiga simu kutoka Leicester. Wakasema baba, si unaona, hawakutaki, njoo huku. Wakatuma tiketi. Tiketi bila pasi haina kazi, lakini nadhani walitaka aione. Aliibandika dukani, ukutani, karibu na kalenda. Wateja waliiona na kumwuliza anasafiri lini. Akawauliza wanataka sindano namba ngapi.

Nikampigia simu Mzee Maganga Tabora, nikamweleza yote, hata ule mstari wa panya.

"Wewe Mzaramo," akasema. "Umemkuta mwenye nyumba sebuleni, ukamwandikia kuwa amepanga."

"Sheria inasema karatasi, mzee."

"Sheria iko sawa. Karatasi hana. Basi mtafutie. Usinipigie tena mpaka umeipata."

Njia ilikuwepo, inaitwa tajnisi: mgeni anaomba kuwa raia. Anajaza fomu, anatangaza gazetini ili mwenye pingamizi aseme, analeta wadhamini wawili raia wanaomfahamu, anahojiwa na kamati ya kata, kisha faili linapanda juu na kusubiri mkono wa wakubwa. Nikaichukua ile fomu nikaenda nayo dukani kwake. Nilikaa kwenye kigoda cha wateja, nikamwambia, "Mzee, nilikosea. Niliogopa herufi nzito."

Alisoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia. "Juu hapa wameandika 'mwombaji'. Mtu anaomba kuingia kwake?"

"Ni neno tu la fomu."

"Mwajuma, mimi nimekufundisha maneno. Hakuna neno la tu."

Nilimbembeleza wiki nzima. Hakutaka. Siku ya Ijumaa nikamkuta Mangi kwenye kahawa, nikamweleza, kwa sababu nilikuwa sina mwingine wa kumweleza. Alimaliza kikombe, akajifuta midomo, akaenda moja kwa moja barazani. Nikamfuata kwa mbali. Akaanza kubeba katoni, moja moja, na kuzipanga mbele ya mlango wa Mzee Jayanti, taratibu, kama mtu anayejenga.

"Lyimo, unafanya nini?" Mzee Jayanti akauliza kutoka ndani.

"Napanua biashara. Nimesikia wewe ni mgeni. Mgeni hana baraza."

"Baraza hili baba yangu ndiye aliyelisakafia."

"Mpeleke baba yako ofisini akashitaki. Wewe huwezi, huna nchi."

Akaongeza katoni nyingine, mabeseni yale makubwa. Kisha mkono mwembamba ukatokeza juu ya mabeseni, kiganja wazi, ukielekea upande niliposimama.

"Mwajuma," sauti ikasema. "Lete hiyo fomu."

Aliijaza yote siku hiyo, kwa kalamu ya wino. Penye mdhamini wa kwanza akaandika jina la fundi cherehani mmoja wa miaka mingi. Penye mdhamini wa pili alikaa sana. Nikamkumbusha mafunzo ya Mzee Maganga, kwamba anayekujua ni uliyegombana naye. Akaandika: Lyimo.

Mdhamini anatakiwa kuandika maelezo. Maelezo ya Mangi ninayo nakala yake, na kwa ruhusa yake nayanukuu: "Namfahamu mwombaji kwa miaka ishirini na sita. Ni mbishi. Anasahihisha watu Kiswahili bila kuombwa. Anajaribu cherehani wakati wa taarifa ya habari. Hajawahi kukubali kosa. Sijui raia mwingine mwenye sifa zaidi." Nilimshauri aandike upya. Akasema amekula kiapo kusema kweli.

Siku ya mahojiano, kamati ilikaa kwenye darasa la shule ya msingi, wajumbe watano kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja mpole wa kata. Kando yake alikaa afisa mpya kutoka idarani, binti mwenye miwani, msomi, anayefanya kazi kwa bidii. Shida yake ilikuwa lugha. Alikuwa amesoma mbali.

"Mzee," akaanza, "kwanza tunataka kujua motivesheni yako ya kuaplai. Yaani katika hii prosesi, unaji-aidentifai vipi na komyuniti?"

Mzee Jayanti alimtazama kwa huruma ya kweli. "Binti yangu," akasema, "nimeambiwa mtihani huu ni wa Kiswahili. Tukianza, utaniambia?"

Mjumbe mmoja alikohoa mpaka akatoka nje. Mwenyekiti akainamia makaratasi. Yule binti, na hapa nampa heshima yake, akavua miwani, akaifuta, akacheka kidogo. "Haya, mzee. Ngoja nijaribu tena." Akajipanga. "Wewe umekaa hapa maisha yako yote. Nchi unaijua. Nataka kujua jambo jingine. Sisi watu wa hapa tuna makabila zaidi ya mia, dini mbalimbali, sura mbalimbali. Unadhani ni nini kinachotufanya tuwe taifa moja? Na wewe unaingiaje humo?"

Niliogopa. Lilikuwa swali la kumfanya mtu ataje amani na umoja na mshikamano, na nilijua hatayataja.

Mzee Jayanti akafikiri. "Binti yangu, umeme ukikatika mtaani kwetu, kila mtu anakatikiwa kivyake," akasema. "Mmoja analitukana shirika, mwingine anatafuta mshumaa, mwingine anafurahi maana alikuwa na kazi hataki kuifanya. Lakini ukirudi, ghorofa zote, Wahindi, Waswahili, Wachaga, mpaka watoto wa kunyonya, tunapiga kelele moja. Aaaah. Hatukupanga. Hakuna aliyetufundisha." Akaweka mikono juu ya dawati. "Mwanangu wa Leicester aliniambia kwao umeme haukatiki. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, sasa mtajuaje kama mko pamoja?"

Darasa zima lilicheka, na yule binti aliandika muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Akaitwa Mangi. Mwenyekiti akauliza anamfahamu vipi mwombaji.

"Nimeshitakiana naye mara sita."

"Na bado unamdhamini?"

"Mheshimiwa, kila Desemba namwachia funguo za duka na nakwenda Kilimanjaro nalala usingizi. Mwaka juzi nilichelewa kurudi wiki nzima. Nilikuta amefungua duka, ameuza, ameandika kila beseni, na amehamisha katoni zangu zote nyuma ya mstari. Nilimchukia sana. Hakuna hata beseni moja lililopungua."

Mzee Jayanti akasema kutoka kwenye dawati lake, "Na zilikaa vizuri."

"Nyamaza, unahojiwa," Mangi akamwambia.

Kisha mwenyekiti akafungua faili, akanitafuta kwa macho. "Mama mtendaji. Kwenye fomu ya kwanza, kwa sahihi yako, ulithibitisha huyu ni mkazi. Leo unasemaje?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikasimama, hotuba ikanitoroka, nikajikuta nasimulia msiba wa mama yangu, miaka mingi nyuma, pale Magomeni. Nikawaambia kwamba siku ile Mzee Maganga alikuja kama mtani. Watu tunalia, yeye akalala mlangoni, kwamba maiti haitoki mpaka apewe mke, maana marehemu alimwahidi. Tulicheka huku machozi yanatoka, na kaburi likawa jepesi. Huyo alikuwa na nafasi yake tangu enzi za mababu. Mzee Jayanti alikuja siku hiyo hiyo na hakuwa na nafasi yoyote. Si mtani, si Mwislamu, dua haijui. Alisimama uani na shati lake jeupe, akatazama huku na huku, kisha akaenda kwenye rundo la viatu pale barazani. Watu mia mbili, viatu vimechanganyika. Akachuchumaa, akaanza kuvipanga, pea kwa pea, kwa mistari. Alikaa pale tangu asubuhi mpaka wanaume wamerudi kutoka makaburini. Kila aliyetoka, Mzee Jayanti alimpa vyake mkononi, bila kuulizwa, kana kwamba ameshasoma miguu yetu yote.

"Nimezika watu wengi Magomeni," nikaiambia kamati. "Ule ndio msiba pekee ambao hakuna aliyerudi nyumbani peku. Na siku alipoulizwa ni nani, mimi nikasema mkazi. Naomba niandike upya."

Nilikaa. Sikumtazama Mzee Jayanti. Yule binti wa idarani akanisogezea karatasi na kalamu.

Kamati ilipitisha. Faili likapanda juu, nasi tukakaa chini kusubiri. Lilikaa huko masika mbili. Nililifuatilia mpaka walinzi wa mlangoni wakawa wananiuliza habari za watoto. Nyie vijana mnaamini faili likishatumwa limekwenda. Faili haliendi. Faili linapelekwa, na kila linapokaa lazima mtu alione uso wa anayelisubiri. Hilo ndilo fundisho moja la kazi katika maandishi haya yote, lichukueni.

Jibu lilikuja siku ya kawaida, asubuhi, kwa simu: afike kula kiapo. Mangi alifunga duka siku ya kazi, jambo ambalo Kariakoo hufanywa kwa kifo tu, na majirani walianza kuja kutoa pole. Kwenye kiapo Mzee Jayanti alitakiwa kwanza aukane uraia wake wa zamani. Akauliza ni upi. Afisa akatafuta kwenye faili, akageuza kurasa, akakosa. Wakakubaliana aukane kwa ujumla.

Siku aliyopata cheti nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaniitikia marahaba, akauliza habari ya magoti yangu. Nilimwambia yanauma. Akasema vizuri, ndiyo umri. Nikaingia ofisini, nikafunga mlango, nikakaa kidogo peke yangu.

Baada ya hapo akachukua pasi ya kusafiria, na mtaa ukanong'ona kwamba basi, kapata karatasi, sasa anatuacha. Mimi mwenyewe niliamini. Watoto walituma tiketi nyingine, ya miezi mitatu. Mangi akambebea sanduku mpaka kwenye teksi, na baraza la mzee likakaa tupu siku nzima, hakuna hata katoni moja iliyosogea.

Alirudi siku ya kumi na moja.

Alituambia Leicester ni pazuri, wajukuu wazuri, baridi isiyo na sababu. Lakini alichotaka kusimulia si Leicester. Alitaka kusimulia uwanja wetu wa ndege siku ya kurudi. Ndege mbili zilitua pamoja. Foleni ya wageni ilikuwa na watu sita. Foleni ya wananchi ilijaa ukumbi, watoto wanalia, watu wanalalamika, haisogei. Kijana mmoja wa pale akamwona mzee wa Kihindi amesimama mwishoni kabisa, akamwonea huruma, akamshika mkono. "Mzee, pita huku kwa wageni, hakuna watu."

"Nikamwambia, mwanangu, nimeisubiri foleni hii miaka sabini na minane," Mzee Jayanti akasema. "Usinitoe."

Alisimama saa moja na robo, akalalamika na wenzake. Alipofika dirishani, binti wa pale alichukua pasi yake, akagonga muhuri, akamrudishia na kumwita anayefuata, bila kuinua macho. Wiki nzima Mzee Jayanti alimsimulia hilo kila aliyeingia dukani kununua sindano: kwamba yule binti hakumtazama hata mara moja.